Kinyago si cha Agamemnon: jibu kwa mwalimu anayekwenda Mycenae

Mwalimu mmoja wa historia wa shule ya sekondari anauliza: "Mwezi wa nne nitakuwa Athens kwa semina, na nimepata siku moja ya mapumziko. Nataka kwenda Mycenae, mji wa kale wa Agamemnon, mfalme anayesimuliwa kuwaongoza Wagiriki vitani Troy. Wanafunzi wangu hunibana kila mwaka: mji huu ulikuwepo kweli? Habari za Perseus, Atreus na Clytemnestra ni historia au ni hadithi tu? Na kile kinyago cha dhahabu kiitwacho cha Agamemnon, si ushahidi tosha? Nikifika pale niangalie nini ili nikirudi niwajibu sawasawa?"

Mwalimu, nianze na kinyago, kwa sababu ndicho kinachowapotosha wengi. Kinyago ni cha kale kweli, dhahabu ni dhahabu, na kaburi lilimotoka lilikuwa la watu wakubwa. Kilichobandikwa ni jina. Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani aliyegeukia uchimbaji wa mambo ya kale, alikitoa katika Kaburi la V mwishoni mwa mwaka 1876. Ukitazama vyombo na silaha zilizozikwa humo, kaburi hilo ni la karne ya 16 KK. Wagiriki wenyewe, kwa hesabu ya mwanazuoni wao Eratosthenes, waliweka kuanguka kwa Troy mwaka 1184 KK. Hata ukisogeza tarehe huku na kule, aliyevishwa kinyago hicho alikufa miaka zaidi ya 300 kabla ya vita ambavyo Agamemnon anasemekana kuviongoza. Muda huo ni kama ule unaotutenga sisi na mwaka 1698, Waomani walipowatoa Wareno Fort Jesus. Wapimie wanafunzi kwa kipimo hicho, watauona urefu wake.

Lakini Schliemann hakuokota jina hewani. Alikuwa amemsoma Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2 BK, aliyepita Mycenae ikiwa magofu. Pausanias anasema pale palikuwa na kaburi la Atreus, la Agamemnon na la watu waliouawa pamoja naye kwenye karamu. Clytemnestra na mpenzi wake Aegisthus walizikwa nje kidogo ya ukuta, kwa kuwa hawakustahili kulala ndani alikolala waliyemuua. Wasomaji wengi walidhani ukuta unaosemwa ni wa mji wa chini. Schliemann alisema hapana, ni ukuta wa ngome, akachimba ndani tu ya lango. Akapata makaburi matano, na la sita likachimbwa na Panagiotis Stamatakis mwaka uliofuata. Tarehe 28 Novemba 1876 Schliemann alimpelekea Mfalme George wa Ugiriki telegramu, yaani simu ya maandishi, kwamba amepata makaburi ambayo kwa mapokeo ni ya Agamemnon, mateka wake Cassandra, mwendesha gari wake Eurymedon na wenzao. Ile sentensi maarufu kwamba ameutazama uso wa Agamemnon haimo katika telegramu hiyo, ingawa hurudiwa kila mahali. Usiwape wanafunzi kama nukuu.

Kwa hiyo jibu lako la kwanza ni hili: mji ulikuwepo, utajiri wake ulikuwepo, wafalme walikuwepo. Ila hakuna andiko hata moja la zama zile lililomtaja mfalme wa Mycenae kwa jina la Agamemnon.

Kuwepo kwa mji hakutegemei Homer peke yake, mtunzi wa tenzi za kale za Kigiriki kuhusu vita vya Troy. Nchini Misri, kwenye kitako cha sanamu katika hekalu la Farao Amenhotep wa Tatu huko Kom el-Hetan, kuna orodha ya majina ya miji ya ng'ambo ya bahari, na miongoni mwake limo jina linalosomwa Mukana. Huyo alitawala nusu ya kwanza ya karne ya 14 KK, na vigae vyenye jina lake vimechimbuliwa Mycenae kwenyewe. Halafu kuna vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa mwandiko uitwao Linear B, ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952 na kuonyesha kwamba lugha yake ni Kigiriki cha kale sana. Vibao vya Mycenae ni daftari za ghala: mafuta, sufu, viungo vya manukato. Kimoja kinamtaja mungu wa kike kwa cheo cha Bibi wa Nafaka. Vibao vya miji mingine ya zama zile, hasa Pylos na Knossos, vinawataja Zeus, Hera, Poseidon na Hermes wakitolewa sadaka. Hebu tua hapo kidogo, Mwalimu: miungu ya hadithi ilikuwa ikiabudiwa tayari wakati kuta hizo zinajengwa, lakini visa vya mashujaa havimo. Karani wa ikulu aliandika idadi ya mitungi, hakuandika ngano.

Sasa tuingie kwenye hadithi zenyewe. Darasani unafundisha tofauti ya kisasili na mighani, na Mycenae ni mahali pazuri mno pa kuionyesha, maana ina zote mbili.

Kisasili ni kile cha asili ya mji. Perseus, mwana wa Zeus na Danae, alimuua babu yake Acrisius wa Argos kwa bahati mbaya, kisahani cha michezo kilipomponyoka. Akaona haya kurithi kiti cha mtu aliyemuua, akabadilishana falme na jamaa yake wa Tiryns, kisha akaanzisha Mycenae. Jina lilitoka wapi? Miongoni mwa maelezo anayotoa Pausanias, mawili yanazunguka neno moja, *mykes*: ama kifuniko cha ncha ya ala ya upanga wake kilidondoka pale akakiona kuwa ni ishara, ama alikuwa na kiu, akang'oa uyoga, maji yakabubujika. Wanaisimu huliona jina hilo kuwa la kale kuliko Kigiriki chenyewe, kwa hiyo hadithi ilikuja baadaye kulifafanua jina ambalo maana yake ilikuwa imekwisha sahaulika. Wala si ajabu. Miji yetu ya pwani nayo ina visa vya namna hiyo. Perseus huyo ndiye aliyewaleta Cyclops, majitu yenye jicho moja, wakajenga kuta.

Mighani ni habari za ukoo wa Atreus. Humu watu ni watu, wana baba na babu, wanaoana na kugombea kiti, kama ilivyo katika habari za Fumo Liyongo. Atreus na nduguye Thyestes waligombea ufalme. Thyestes alimtongoza mke wa Atreus, akaiba kwa mkono wake mwanakondoo mwenye manyoya ya dhahabu aliyekuwa hati ya utawala. Atreus akalipiza: akawachinja watoto wa Thyestes, akawapika, akamkaribisha baba yao mezani. Mwana wa Atreus, Agamemnon, akamtoa kafara binti yake Iphigenia ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy. Mama yake binti, Clytemnestra, akasubiri miaka kumi. Mume aliporudi akauawa, na Cassandra aliyeletwa mateka akauawa pamoja naye. Orestes, mwana wao, akarudi kumuua mama yake. Kila damu iliita nyingine.

Ukiwa na hayo kichwani, tembea sasa na uangalie mawe.

Ngome imekaa kwenye kilima chenye urefu wa mita 278 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima miwili mikubwa zaidi, ikitazama uwanda wa Argos hadi baharini. Ukuta wake una mzunguko wa mita 900 hivi, na unene wake sehemu nyingi ni kati ya mita 5 na 7. Haukujengwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya kwanza ni ya kama mwaka 1350 KK, ya pili ya kama 1250, na ya mwisho, upande wa kaskazini mashariki, ya kuelekea 1200. Angalia namna ulivyojengwa: nyuso mbili za mawe makubwa yasiyochongwa sana, mawe madogo na udongo yamesukumwa kwenye mianya, na katikati pamejazwa kifusi. Wagiriki wa karne za baadaye, ambao kuta zao zilikuwa za mawe ya kubebeka, walipoyaona haya walishindwa kuamini kwamba ni kazi ya binadamu. Ndipo majitu ya jicho moja yalipoingia. Kisasili hiki kilizaliwa na ukuta, na ukuta ungalipo.

Hapo waelekezaji wengi huteleza, wakimwambia mgeni kwamba ukuta mzima ni wa majitu. Ukitazama kwa makini utaona ujenzi wa aina tatu. Mwingi ni huo wa mawe ghafi ya chokaa. Kando ya lango mawe yamekatwa kwa pembe nne na kupangwa kwa mistari, nayo ni ya mwamba wa kokoto zilizoshikamana, uliokatwa kwa misumeno ya shaba, mchanga na maji. Na mahali pachache mawe yana pembe nyingi, yamelingana kama vipande vya chemshabongo. Hayo ni matengenezo ya karne ya 3 KK, miaka elfu moja baada ya ngome ya kwanza.

Lango la Simba ni la kama mwaka 1250 KK. Usipige picha ukapita; simama upande wa nje kwanza. Njia ya kuingilia ni kama kichochoro chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 7, na kulia kwako umesimama mnara. Askari wa zamani alishika ngao kwa mkono wa kushoto. Akija langoni, ubavu wake wa kulia, usio na ngao, unawaelekea walio juu ya mnara. Inua macho uone jiwe la juu ya mlango, ambalo mafundi wetu wangeliita lenta. Lina tani 20 hivi, urefu wa mita 4.5, na limenenepa katikati, pale panapoelemewa zaidi. Hata hivyo jiwe la namna hii huvunjika kirahisi likitwishwa ukuta mzima, kwa sababu jiwe linastahimili kugandamizwa kuliko kupindwa. Mafundi wakaacha juu yake nafasi ya pembetatu: kila mstari wa mawe umechomoza kidogo kuliko ule wa chini yake hadi pande mbili zikakutana juu, na uzito wa ukuta ukateremkia kwenye miimo badala ya lenta. Nafasi ile ndiyo iliyozibwa kwa bamba la simba, lenye kimo cha mita 3 na zaidi, jembamba kulinganisha na ukuta. Bamba linaziba tundu tu, halibebi kitu.

Simba wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele wameiweka juu ya madhabahu, na kati yao kuna nguzo. Vichwa havipo. Vilichongwa mbali kwa kitu kingine na kupachikwa. Matundu ya kupachikia bado yanaonekana. Kwenye kizingiti cha chini na kwenye lenta utaona mashimo ya ekseli za milango miwili, na kwenye miimo matundu ya komeo la gogo. Hapa hadithi imekaa kimya. Homer, aliyeiita Mycenae tajiri wa dhahabu, hawataji simba hawa, ijapokuwa walikuwa wazi wakati wote, na Pausanias aliwaona.

Ukivuka tu lango, kulia kwako, kuna duara la mabamba ya mawe yaliyosimamishwa, lenye kipenyo cha mita 27.5. Hilo ndilo Duara A la makaburi. Makaburi sita, watu 19: wanaume 9, wanawake 8, watoto 2, na takriban kilo 14 za dhahabu. Mlikuwa na mayai ya mbuni kutoka Afrika yaliyogeuzwa vyombo vya anasa, na kaharabu kutoka upande wa bahari ya Baltic. Watoto wale wawili walifunikwa kwa karatasi nyembamba za dhahabu, uso, mwili, vikono na vijiguu, na vipande hivyo viko Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens. Ukivikuta, vitazame kabla ya kinyago. Kuna mtu alikaa akafinyanga dhahabu kwa vidole kufuata kidole gumba cha mguu wa mtoto mchanga aliyekufa.

Lakini nikuombe uyape mabamba ya duara muda zaidi kuliko mashimo, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali la wanafunzi wako. Watu walizikwa mle katika karne ya 16 KK, wakati makaburi yalikuwa nje, kwenye mteremko, sehemu ya makaburi ya kawaida. Kufika mwaka 1250 KK hivi, mfalme aliyetaka kupanua ngome angeweza kuupitisha ukuta juu ya makaburi hayo. Hakufanya hivyo. Aliupindisha ukuta uyazunguke, akaujaza udongo mteremko mpaka ukawa sawa, akayainua mawe ya kumbukumbu kwenye usawa mpya na kuyazungushia duara hilo. Wafu walikuwa na miaka 300 ardhini. Wale waliotawala 1250 huenda hata hawakuwa wa damu yao, lakini walitaka kila apitaye langoni aone kwamba utawala wao una mizizi. Kazi ya kutengeneza mababu haikuanza na Homer, wala na Schliemann. Ilianza hapa, kwa koleo na mawe, na wenyeji wenyewe.

Panda sasa hadi kileleni, kwenye ikulu. Ukumbi wa mfalme una baraza, chumba cha mbele, na chumba kikuu chenye meko ya duara katikati ya nguzo nne; sehemu ya kusini mashariki iliporomokea kwenye korongo la Chavos, na inayoonekana leo imejengewa upya chini. Karibu yake kuna chumba kidogo ambacho sakafu yake ilipakwa lipu nyekundu, na waelekezaji hupenda kunong'ona kwamba hapa ndipo bafuni Agamemnon alipouawa. Usilichukue hilo. Kwa Homer, Agamemnon aliuawa mezani, nyumbani kwa Aegisthus, kama ng'ombe akiwa horini. Bafu na lile vazi la kumnasia vimo katika tamthilia za Aeschylus zilizochezwa Athens mwaka 458 KK, na Aeschylus hakuiweka ikulu ya Agamemnon hapa kabisa. Aliihamishia Argos.

Kwa nini? Hapa historia iliyoandikwa inashika hatamu. Baada ya kuungua kwa ikulu mnamo 1200 KK na kudhoofika kwa mji katika karne iliyofuata, Mycenae ilibaki mji mdogo. Mwaka 480 KK ulipeleka wanaume 80 Thermopylae kuwapinga Waajemi, na mwaka uliofuata, pamoja na Tiryns, wanaume 400 Plataea. Jina lake limechorwa kwenye nguzo ya nyoka ya shaba iliyosimamishwa Delphi kwa ushindi huo, nguzo ambayo sasa iko Istanbul. Argos, jirani mkubwa, haikwenda vitani. Kama mwaka 468 KK Argos iliuzingira mji huu, ikauteka na kuwatawanya watu wake. Miaka kumi baadaye, Athens ikiwa na mkataba na Argos, Agamemnon jukwaani akawa mfalme wa Argos. Mji uliposhindwa ulinyang'anywa hata hadithi yake.

Sijasema kwamba hadithi hazibebi kumbukumbu yoyote. Katika kisa cha Troy, Homer anaeleza kofia ya vita iliyoshonewa meno ya nguruwe mwitu safu kwa safu. Katika karne ya 8 KK, anapodhaniwa kuwa aliishi, hakuna aliyevaa kofia kama hiyo. Ilikuwa imeachwa karne nyingi. Lakini vipande vyake vimechimbuliwa Mycenae, na Athens utaona kichwa kidogo cha pembe ya ndovu kilichovalishwa kofia ya namna ile ile. Mdomo ulihifadhi kitu ambacho jicho lilikuwa limekisahau. Kwa upande mwingine, Homer anawachoma mashujaa wake moto, ilhali hawa walizika; anawapa dunia isiyo na makarani, ilhali ikulu hii ilihesabu hadi manukato. Kwa hiyo ubaoni usichore safu mbili, ya kweli na ya uongo. Chora tatu: kilichochimbuliwa, kilichosimuliwa, na nani alikisimulia lini. Hiyo ya tatu ndiyo wanafunzi huikosa, nayo ndiyo inayofungua mbili za kwanza. Itaanzia na wale wa 1250 KK na duara lao. Ifuate watu wa karne ya 8 KK waliokuwa wakipeleka sadaka kwenye makaburi ya kale, na madhabahu ndogo kama kilomita moja kutoka ngomeni, ambapo vigae vyenye jina la Agamemnon vimeokotwa. Kisha Aeschylus, kisha Pausanias, kisha Schliemann.

Upande wa kaskazini mashariki, mwisho kabisa wa ngome, kuna mlango mwembamba unaoshuka gizani. Ni ngazi ya kwenda kwenye birika la chini ya ardhi, kina cha mita 18 hivi, lililojengwa kuelekea 1200 KK ili ngome ikizingirwa isife kiu. Maji yaliletwa kwa mabomba ya udongo yaliyofukiwa kutoka chemchemi iliyo nje, ambayo Wagiriki waliiita Perseia. Ule uyoga uliobubujisha maji ni chemchemi hii. Njoo na tochi, si mwanga wa simu pekee. Ngazi zimelainika na zina unyevu, na ukikuta pamefungwa, tosheka na kuangalia paa la mawe yanayokutana kama viganja viwili. Ukiwa upande huu tazama kaskazini: nyuma ya milima ni Nemea, kwenye simba aliyeuawa na shujaa Heracles, na kusini, pwani ya upande wa pili wa uwanda, ni Lerna, kwenye nyoka wa vichwa vingi. Heracles alitumwa na Eurystheus, mfalme wa Mycenae, na kazi zake mbili za kwanza zote ni mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka hapa. Kisa hicho kilianza kama habari ya eneo dogo, ndipo kikasambaa hadi mwisho wa dunia.

Kosa kubwa la wageni wa siku moja ni kuondoka bila kuiona Hazina ya Atreus, kwa kuwa iko nje ya uzio wa ngome, karibu mita 500 ukirudi barabarani kuelekea kijijini. Tiketi ni ile ile, usiitupe. Hazina ni jina la Pausanias. Kwa kweli ni kaburi. Njia ya kuingilia ina mita 36, imechongwa ndani ya kilima na kuta zake zinapanda kadiri unavyosogea. Mlango una kimo cha mita 5.4, na lenta ya ndani ina tani 120 hivi. Ndani ni kuba la kipenyo cha mita 14.5 na kimo cha zaidi ya mita 13, mistari 33 ya mawe, bila saruji. Halikusimama kwa ujanja wa tao. Kila mstari ni duara kamili lililolala, na umechomoza ndani kidogo kuliko wa chini yake. Mawe ya duara moja yanabanana ubavu kwa ubavu, hivyo hakuna linaloweza kuangukia ndani bila kuyasukuma mengine yote. Udongo uliorundikwa juu unakandamiza mikia ya mawe kwa nje na kuyazuia yasipinduke. Mwisho mafundi walichonga midomo yote ya ndani mpaka ukuta ukawa laini. Udongo wa juu ukichukuliwa na mvua, mikia hukosa mzigo, na kuba huanza kufunguka kileleni. Ndivyo makuba mengine ya hapa yalivyoanguka. Mlango ulikuwa na nguzo za mawe ya kijani zilizochongwa nyoka-nyoka. Zilichukuliwa karne ya 19, na sehemu kubwa yake iko British Museum, London. Atreus hahusiki: kaburi ni la kati ya 1350 na 1250 KK na halina jina.

Kuhusu siku yako: kama ratiba inaruhusu, tembelea makumbusho ya Athens siku moja kabla, maana kinyago halisi na dhahabu viko kule, na makumbusho madogo ya Mycenae yana nakala za dhahabu hiyo. Ila hayo madogo usiyaruke. Yana masanamu ya udongo yenye nyuso za kutisha na nyoka wa udongo waliojiviringisha, kutoka vyumba vya ibada vya ndani ya ngome, na hakuna hadithi ya Kigiriki inayoyaeleza. Mabasi ya KTEL, yaani mabasi ya mikoani, ya kwenda Nafplio huondoka kituo cha Kifissos. Mwambie kondakta unashuka Fichti. Kutoka hapo ni kama kilomita 4, chukua teksi. Kwa gari ni kilomita 120 kupitia Corinth. Fika lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii ya saa nne. Tenga saa tatu, chukua lita moja na nusu ya maji, kofia, na viatu vyenye soli ya kung'ata, kwa sababu mawe yaliyokanyagwa na wageni yameng'aa kama sahani, na kivuli ni haba.

Ukitoka Lango la Simba kurudi, shuka kwa kijia kilicho nje ya ukuta hadi kaburi liitwalo la Clytemnestra. Ni kuba kama lile la Atreus, dogo kidogo, la karne ya 13 KK, na jina lake limetokana na yale maneno ya Pausanias kwamba alizikwa nje. Simama kwenye njia ya kuingilia, uangalie ukutani juu yake. Utaona mstari wa viti vya mawe ukiikatiza njia. Katika karne ya 3 KK watu wa Argos walirudisha wakazi hapa, na wakazi hao wakajenga ukumbi wa michezo ya kuigiza juu ya mlango wa kaburi lililokuwa limefunikwa na udongo. Waliketi hapo kutazama tamthilia.